Gitaa Lisilo na Nyuzi

Mwezi uliopita nilikwenda Nkuhungu kumpa hongera mfanyakazi mwenzangu aliyejifungua. Nimekaa kwenye kochi, nimepewa uji wa pilipili manga aliopikiwa mzazi, na mbele yangu binti yake mkubwa amesimama katikati ya sebule. Usoni amejivika dude jeusi kama miwani ya fundi wa kuchomelea, mikononi ana vijiti viwili, naye anaupiga upepo. Anapiga kushoto, anapiga kulia, anachutama, anaruka. Sisi hatusikii kitu isipokuwa pumzi zake na soksi zikiteleza kwenye vigae.

"Ni gemu la muziki hilo," mama yake akanieleza, kama anayeomba radhi. "Wimbo anausikia mwenyewe. Ninyi utotoni mlikuwa na vitu kama hivi?"

Nikacheka mpaka uji ukanipalia, ikabidi mzazi wa watu aje kunipiga mgongoni. Jibu la swali lake ni refu, na si la kumweleza mtu aliyekesha na kichanga. Kwa hiyo nakueleza wewe.

Mimi na mdogo wangu tulilelewa na Bibi, mzaa mama, pale Majengo karibu na soko. Nyumba ilikuwa ya zile za zamani, korido ndefu katikati, vyumba huku na huku, uani kuna jiko na mapipa ya maji. Asubuhi tuliamshwa na mashine ya kusaga ya mtaa wa pili, kisha harufu ya vitumbua ikapita chini ya mlango na kumaliza kazi. Mimi nilikuwa mtu wa maji. Siku yakitoka, nilijaza kila chombo chenye tumbo, hata birika. Mdogo wangu alipepeta karanga ambazo Bibi aliuza sokoni. Na sote wawili tulifagia vumbi, lile vumbi la Dodoma ambalo unalitoa jioni na asubuhi unalikuta limerudi, limekaa kama mwenyeji.

Chumba kimoja cha mbele alikaa mjomba, ndugu wa mama. Cha pili alikaa mpangaji, mwanafunzi wa chuo aliyetoka Bukoba, kijana mpole ambaye mali yake yote ilikuwa godoro, pasi, na mashine ya gemu aliyochezea mpira. Mjomba yeye alikuwa dalali. Usimuulize dalali wa nini, maana hata mwenyewe ilitegemea ameamka vipi.

Jioni moja alirudi kutoka Dar na boksi refu kama jeneza la mtoto. Akaliweka uani, akafuta jasho, akasema, "Mama, nimeokota dhahabu. Vyombo vya bendi nzima. Vimetoka Ulaya, kontena limefunguliwa mbele ya macho yangu."

Akavitoa kimoja kimoja. Kulikuwa na gitaa jekundu la plastiki. Kulikuwa na ngoma nne za duara, kila moja na rangi yake, zimeshikana kwenye stendi moja, na chini yake pedali ya mguu. Kulikuwa na kipaza sauti, mkeka mwepesi wenye mishale, na diski moja ambayo mjomba alituhakikishia kwamba ni ya mafunzo. Bibi alilishika gitaa, akaligeuza, akalitazama mgongoni kama anayenunua kuku.

"Mbona jepesi?"

"La kisasa, mama."

Kesho yake mjomba akapanda basi la Mvumi. Alikuwa amesikia kuna kwaya huko inatafuta vyombo. Alirudi siku hiyo hiyo, boksi kichwani. Ilibidi Bibi amwekee ugali na mlenda mbele yake ndipo asimulie. Mwalimu wa kwaya alilipokea gitaa kwa furaha, akalipakata, akapitisha vidole, vidole vikapita hewani. "Nyuzi ziko wapi?" akauliza. Mjomba akamjibu kwamba magitaa ya sasa hayana nyuzi, yana vitufe. Mwalimu akabonyeza cha kijani. Kimya. Akabonyeza chekundu. Kimya. Akalirudisha taratibu, akamwambia mjomba kwamba Mungu anasikia hata ya moyoni, ila waumini wake wana masikio.

Tulicheka mpaka mjomba naye akacheka. Ndipo mpangaji akatokea chumbani kwake na mswaki mdomoni, akaliona boksi, mswaki ukaanguka.

"Mjomba! Hizi umezitoa wapi? Hizi ni pedi za gemu!"

Hivyo ndivyo sebule ya Bibi, iliyokuwa ya taarifa ya habari na wageni wa heshima, ilivyogeuka ukumbi. Mpangaji aliunganisha mashine yake kwenye televisheni ya Bibi, akaingiza ile diski ya mafunzo, na kumbe ndiyo yenye nyimbo. Kwenye kioo ikatokea barabara, na juu ya barabara zikateremka shanga za rangi. Ukiwa na gitaa, unasubiri shanga ifike mstarini, unabonyeza kitufe cha rangi yake na kucharaza kibao kidogo palipopaswa kuwa na nyuzi. Ukipatia, gitaa la kwenye wimbo linalia, na watu wa ndani ya gemu wanakupigia makofi. Ukikosea, gitaa linanyamaza. Ukizidi kukosea, wanakuzomea, kisha wimbo unakatwa.

Bibi alitupa ruhusa baada ya alasiri hadi adhana ya magharibi. Na katika muda huo tulijaribu kila chombo, tukabishana kila siku kipi ni bora.

Mkeka ulikufa mapema. Ulitaka ukanyage mishale kwa miguu kufuatana na wimbo, na ulikuwa mzuri kwa mtoto mwepesi. Siku mjomba alipoupanda, yeye alikwenda upande mmoja na mkeka ukaenda mwingine, akashikilia pazia, akashuka nalo. Bibi akauchukua, akauanika uani, akamwaga juu yake majani ya mlenda ya kukausha. Alisema hatimaye kimepatikana kitu cha maana ndani ya boksi lile.

Kipaza sauti kilikuwa na tabia ya ajabu. Kilipima kama sauti yako imepanda au imeshuka inavyotakiwa. Maneno hakikuyajali kabisa. Mpangaji aliimba wimbo mzima wa Kizungu kwa Kihaya, akapewa alama za juu. Siku nyingine Bibi aliingia kuuliza nani kaacha pipa wazi, akasimama karibu na kipaza sauti akigomba kwa ile sauti yake ndefu ya kupanda na kushuka, na kwenye kioo yakaanza kulipuka manyota. Mpangaji akamweleza kwamba mashine inamsifu. Bibi akaitazama ile televisheni kwa mara ya kwanza kwa upole. "Basi na iwaambie hao watoto wafunike pipa," akasema.

Ugomvi wa kweli ulikuwa kati ya gitaa langu na ngoma za mdogo wangu. Mimi nilisema gitaa linataka akili, kwa kuwa mkono huu unafanya hivi na ule unafanya vile. Yeye akasema ngoma zinataka mwili mzima, na kwamba yeye anapiga kitu, mimi nakuna kuna tu. Tulimpelekea mpangaji kesi. Akafikiri, akasema, "Dada, kwenye gitaa unabonyeza na mashine ndiyo inapiga. Mdogo wako kama ataendelea hivi, siku moja akikaa kwenye ngoma za kweli atazipiga." Sikumsemesha siku mbili. Hata chai nilimpitishia kupitia kwa mjomba.

Nyuma ya ukuta wa uani aliishi jirani yetu, mwanamke wa rika la Bibi. Walikuwa marafiki wa toka usichana, na urafiki wao ulikuwa wa mashindano. Mmoja akipaka nyumba chokaa, mwenzake anapaka na rangi ya chini. Wajukuu wa jirani walisoma shule ya basi la njano, walikuwa wakiongea Kiingereza uani kwa sauti ili tusikie. Siku moja jirani akachungulia ukutani.

"Jirani, nani anapiga gitaa kwako kila jioni? Tunasikia raha huku."

Bibi akanyooka. "Mjukuu wangu."

Nawe usimwone Bibi mwongo. Aliona kwa macho yake. Nikibonyeza, gitaa linalia. Nikikosea, linanyamaza. Nikiondoka kwenda msalani, hakuna gitaa. Ushahidi gani mwingine alihitaji? Kufika mwisho wa wiki, wauza karanga wote wa Majengo walikuwa wanajua mjukuu wa Bibi anapiga gitaa kama wa redioni. Nikipita sokoni na ndoo, naitwa "mpiga gitaa", napewa embe.

Kisha binti wa mwisho wa jirani akaposwa. Bibi akarudi kutoka kwenye kikao cha maandalizi, akavua kanga ya kichwa, akaniambia, "Siku ya harusi utatupigia. Nimeshasema."

"Bibi, lile si gitaa la kweli."

"La uongo linatoa sauti?"

"Sauti inatoka kwenye televisheni."

"Na taarifa ya habari pia inatoka kwenye televisheni. Kwa hiyo na yule msomaji si wa kweli?"

Nilijaribu tena usiku, nikajaribu asubuhi. Kila nikieleza, yeye aliona ni haya za kike. Mwisho akasema kwa sauti ya chini ambayo hakuizoea, "Mwenzangu kila siku ana la kunionyesha. Mimi nina hili moja." Basi mimi nikaenda kulichukua gitaa.

Mpangaji ndiye aliyetuokoa, au alidhani anatuokoa. Alisema tutahamisha kila kitu, televisheni, mashine na vyombo, hadi uani kwa jirani, na sauti tutaiunganisha kwenye spika kubwa iliyokodiwa. Akachagua wimbo wa polepole kuliko yote kwenye diski. Nikamuuliza huyo Mzungu anaimba nini. "Analalamika mchumba kamwacha," akasema. "Usijali. Huku hawatajua."

Harusi ilikuwa Jumamosi. Ndoa ilifungwa asubuhi msikitini, mchana ukawa wa wanawake, chini ya turubai, pilau inanuka mpaka barabarani. Bibi harusi ameketishwa kwenye kiti cha dhahabu, macho chini, somo wake pembeni anamlinda asije akacheka. Mpangaji, kwa kuwa ni mwanamume, alifichwa na mashine yake nyuma ya pazia la maua. Mimi na mdogo wangu tukawekwa mbele, televisheni imetugeukia sisi tu.

"Na televisheni ya nini?" jirani akauliza.

"Ndiyo inayotuonyesha noti, mama," pazia likajibu.

Wimbo ukaanza. Rafiki yangu, sitasahau. Vidole vilijua kazi. Gitaa likalia kwenye ile spika, likajaa uani, likaruka ukuta. Wanawake wakasimama. Niliwasikia wakisema, "Mtoto mdogo hivi!" Kwa jicho la pembeni nilimwona Bibi kwenye kiti cha mbele. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anamtazama jirani.

Tatizo lilikuja na sifa. Mama mmoja, shangazi wa bibi harusi, mwenye mwili na madaha, alikuja akicheza taratibu kunitunza. Alikunjua kanga mpya, akanivika shingoni, akanibusu shavuni, akarudi akiyumba. Kanga ikateremka, ikafunika vitufe vyote vitano.

Nikabonyeza kitambaa. Shanga ya kijani ikapita, ya njano ikapita, mbili za bluu zikapita. Gitaa likanyamaza, akabaki yule Mzungu analalamika peke yake. Nikatikisa bega, kanga ikazidi kushuka. Kisha kutoka kwenye spika ya kukodi, kwa sauti ya uwanja mzima wa mpira, kukatoka zomea zomea.

"Buuuuu!"

Wanawake wakagutuka. Jirani alikuwa ameshika sinia la kachumbari. Akaliweka chini.

"Nani anamzomea mwanangu?"

Akachukua mwiko wa pilau, akatoka nje ya geti. Huko alimkuta kijana wa bodaboda anamsubiri abiria wake, naye kijana akaapa kwa Mungu wake kwamba hakufungua mdomo. Huku ndani zomea zikapanda, wimbo ukakatika, na pakawa kimya. Nyuma ya pazia mpangaji alikuwa ananong'ona, "Anza tena! Bonyeza cha kijani!" Lakini mimi nilikuwa nimepotea. Mkono wangu ulikuwa bado unacharaza wenyewe, na katika kimya kile kila mtu alisikia sauti ya gitaa langu kama lilivyo hasa. Tak. Tak. Tak.

Bibi kizee mmoja wa mstari wa mbele akainama, akaja na macho hadi karibu na goti langu. "Mbona halina nyuzi?"

Nikamtazama Bibi. Aliniangalia, akaliangalia gitaa, akaiangalia televisheni, nikaona usoni mwake jambo linamwingia polepole. Nilitamani turubai lituangukie sote.

Jirani akarudi na mwiko. "Nje hakuna mtu. Aliyezomea ni nani?"

Bibi akasimama, akajitanda kanga vizuri.

"Ni Wazungu," akasema.

"Wazungu gani?"

"Wa humo ndani." Akainyooshea kidole televisheni. "Wenye huo wimbo wao. Hawajui adabu za harusi, wamezoea mpira. Sasa sisi watu wa Majengo tutazomewa na watu wa kwenye kisanduku, na vinywa tunavyo?"

Akainua kichwa, akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi stendi. Kikajibiwa na kingine, na kingine, uani kote. Mdogo wangu, ambaye muda wote alikuwa ameganda na vijiti vyake, akashtuka na kuanza kupiga. Mashine ilikuwa imekufa, lakini ngoma zake zilikuwa za kupigwa kweli, zikatoa sauti kavu, pa-pa, pa-pa-pa, kama mtu anakung'uta gunia. Zikatosha. Shangazi mtu akaanzisha wimbo wa harusi wa kwetu, mwingine akachukua beseni, mwingine vijiko, na bibi kizee wa nyuzi akavua viatu. Bibi harusi alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka wanja ukamtiririka mashavuni, na somo wake, badala ya kumfuta, akajiinamia naye akicheka.

Mimi nilibaki nimekaa na gitaa mapajani na kanga shingoni. Hakuna aliyenihitaji tena. Nilikuwa na aibu, na nitakwambia ukweli, nilikuwa na wivu pia. Mdogo wangu hakuniambia neno pale harusini. Alisubiri mpaka tumevuka geti letu ndipo akasema, "Yangu imelia."

Jioni ile Bibi alikuwa anakaanga karanga za kuuza kesho. Aliniita nikae kwenye kigoda karibu na jiko.

"Kumbe wimbo unapigwa na nani?"

"Na mashine, Bibi. Nilijaribu kukwambia."

"Na wewe?"

"Mimi nafuata. Nikifuata sawasawa, unaendelea. Nikikosea, unanyamaza."

Akageuza karanga, akaweka mbili mkononi mwangu, za moto.

"Basi ulikuwa unafuata vizuri," akasema. "Mimi sokoni nilisema unapiga vizuri. Nimekosea neno moja tu."

Hatukulizungumza tena. Mwaka uliofuata mpangaji alimaliza chuo, akarudi Bukoba na godoro, pasi na mashine yake. Gitaa bila mashine likawa la kufukuzia kuku. Ngoma zilipasuka moja baada ya nyingine, maana mdogo wangu hakuacha kuzipiga. Leo anapiga za ngozi na chuma kwenye bendi moja ya hotelini, na nikimtembelea hujifanya hanioni. Mjomba alihamia kwenye udalali wa viwanja. Bibi alitutoka msimu mmoja wa zabibu, nyumba ikagawanywa, ikauzwa, ikavunjwa. Sasa pale pana duka la vifaa vya ujenzi lenye kuta ndefu, na ukisimama mbele yake husikii cha ndani, hujui nani anakaanga, nani anagomba, nani anajifunza nini. Sisi tulijuana kwa kusikiana. Ndiyo maana tuliweza kuelewana vibaya kwa raha namna ile.

Jirani bado yupo, mzee sana, macho yamefifia. Idd iliyopita nilikwenda kumwamkia. Sebuleni walikuwa wamekaa wajukuu zake, watoto wa yule bibi harusi, kila mmoja na simu yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu." Alinitambua kwa sauti. Akawagonga wajukuu magotini mmoja mmoja mpaka wakainua vichwa. "Mnamwona huyu? Huyu ndiye aliyempigia mama yenu gitaa siku ya harusi yake. Kwa mikono yake miwili. Siku hizi mnaletewa dijei, anabonyeza kitufe, muziki unatoka wenyewe. Zamani watoto walikuwa wanapiga."

Binti mkubwa akanigeukia, macho yamemtoka. "Kweli, shangazi?"

"Mimi nilibonyeza vitufe tu," nikasema.

Jirani akacheka, akanishika mkono, akawaambia wajukuu zake, "Mnasikia? Wapigaji wa kweli hawajisifu."

Watoto wakanitazama kwa heshima. Nami nikamkumbuka Bibi, ambaye kama angekuwa hai Idd ile, angekuwa wa kwanza kuitikia.